Kitambaa cha Kaneza Juu ya Kompyuta

Idefonsi alikuwa anakula amesimama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililokuwa linanikera kuliko yote. Mwanaume mzima, fundi wa redio anayetegemewa, ana banda lake hapo Benaco mkabala na mgahawa wangu. Namletea ndizi na maharage ya moto, anapokea sahani, anaegemea mlango na kula huku anaangalia malori yanayotoka mpakani Rusumo. Ukimwambia, "Ide, stuli hiyo hapo, kaa basi," anakujibu, "Niko sawa, dada." Sawa gani! Ng'ombe ndio wanaokula wamesimama.

Mimi ni Speciosa, mzaliwa wa Murusagamba, muuza chai. Wanaosema nina mdomo hawakosei. Lakini ningekuwa sina mdomo, huyu mtu angeongea na nani? Au na zile nati za redio zake?

Kwao Idefonsi ni kijiji cha Kirushya. Alishuka Benaco mwaka ule wa tisini na nne, wakimbizi walipomiminika kutoka Rwanda mpaka vilima vikageuka rangi ya maturubai. Alikuwa kijana wa kubeba magunia. Ndugu zake walibaki kwenye migomba, yeye akabaki barabarani. Ufundi wa redio alijifunza kwa kuzifungua zilizokwisha kufa. Baadaye shirika moja la misaada likamchukua atengeneze kompyuta za ofisi yao huko kambini Lukole, na Wanyarwanda walipoondoka akabaki anawahudumia Warundi. Ofisi ilipoleta mashine mpya, wakampa moja ya zile kuukuu. Aliibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa, akaiweka kwenye banda lake. Siku hiyo nilimwona akicheka peke yake.

Kaneza alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyohiyo. Mrundi, mkimbizi, anaishi kambini na mama yake. Huyo naye alikuwa na maneno! Labda ndiyo maana nilimpenda. Siku za gulio alikuwa anakuja Benaco, anakaa kwenye kizingiti cha banda la Idefonsi na sindano yake ya kufumia, anafuma, anapiga soga, anamtania. Idefonsi kainamia redio, anakaza nati iliyokwisha kukazwa. Soko zima tulikuwa tunangoja afungue kinywa amwambie neno yule binti. Thubutu! Angeweza kukueleza kasoro ya redio iliyoko chumba cha pili kwa kuisikiliza tu, lakini kumwambia msichana "nakupenda" ilikuwa kazi ya kuhamisha mlima.

Siku moja ya gulio Kaneza alimletea kitambaa cha kufuma, cheupe, kimekunjwa mara nne. Nilikuwepo, nilikuwa nakusanya vikombe vyangu. "Hiki ni cha nyumbani kwako, fundi," akasema. Idefonsi akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akageuka na kukiweka vilevile kilivyokunjwa juu ya kompyuta, kikaning'inia hadi nyuma.

Sasa msimcheke. Huku kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, kochi lina kitambaa chake, hata kabati la vyombo lina kitambaa. Kwake kile kitu cha thamani kilikuwa kompyuta, basi akaivisha. Kaneza alicheka, halafu kicheko kikakatika. "Hiyo mashine itapumulia wapi?" akauliza. "Vumbi, Kaneza," Idefonsi akamjibu. "Vumbi ndilo linaloua mashine." Kwa hilo la vumbi hakudanganya, maana vumbi jekundu la kambini linaingia hadi kwenye chumvi.

Masika yalipokwisha, majina ya Kaneza na mama yake yakabandikwa kwenye ubao wa watu wanaokwenda kuishi nchi za baridi, ng'ambo huko. Wakapanda basi. Idefonsi alisimama kwenye mlango wake na bisibisi mkononi, akapunga bisibisi. Nilitamani nimzabe kofi.

Tangu hapo kitambaa hakikutoka juu ya kompyuta, iwe imezimwa, iwe inafanya kazi. Akitaka kuifungua anakiondoa kwa ncha za vidole, akimaliza anakirudisha na mikunjo yake ileile. Hakuwahi kukikunjua, asije akakichafua ndani.

Miaka ikapita, na Benaco ikaanza kuisha. Warundi walikuwa wanarudishwa kwao, malori kwa malori. Leo anaondoka mteja wako wa chapati, kesho anaondoka aliyekuwa anakuuzia mkaa, keshokutwa unakuta mahali palipokuwa na nyumba pana mabua na kiatu cha mtoto. Nilizoea kukaanga chapati mpaka mkono unauma, nikajikuta nakaanga chache na zinalala. Mwenye nguvu alikuwa Nyanda peke yake, Msukuma aliyekuja kutoka Shinyanga na ng'ombe, akaishia kununua jenereta na kutuuzia umeme mchana kutwa. Naye akatangaza: Jumamosi nang'oa jenereta langu nahamia Kahama, hapa hakuna tena watu wa kuwauzia.

Katika wiki hiyohiyo ndipo ilipokuja ile sidii.

Dereva wa lori aliyetokea Kigali ndiye aliyeileta, imevingirishwa ndani ya soksi ya sufu. Alikuwa ameambiwa amtafute fundi Idefonsi, Benaco. Juu yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene: WATU WA LUKOLE. Idefonsi aliutazama ule mwandiko, akanitazama, nikajua ni wa nani kabla hajasema.

Akaitia kwenye kompyuta. Mimi nilishafika, nani wa kunizuia? Kaneza akatokea kwenye kioo, amenenepa kidogo, koti kubwa, nyuma yake dirisha na nje kweupe pepepe. "Amahoro, watu wa Lukole!" Jamani, sauti ileile! Akaanza kusalimia mmoja mmoja kwa jina. Kanyange, bado unagombana na watu bombani? Mzee Bizimana, mguu unaendeleaje? Niragira, mbuzi wako wamezaa? Kila jina alilotaja nilikuwa najibu mwenyewe moyoni: ameondoka, ameondoka, huyo alipanda lori mwezi uliopita na mbuzi wake wawili. Alikuwa anawasalimia watu ambao hawapo, na waliokuwa wanamsikiliza ni mimi muuza chai na huyu bubu wangu.

Kisha akasema, "Kuna mtu mmoja nimemweka mwisho kwa makusudi. Lakini kwanza mtuone tunavyocheza huku." Ngoma zikaanza, watu wakarukaruka, picha ikakatika vipandevipande, sauti ikagugumia, na kioo kikaganda. Kaneza akabaki mguu mmoja hewani.

Idefonsi akaizima, akaiwasha, ikaganda palepale. Akajaribu kuiruka ile ngoma, ikaganda. Tukaijaribu kwenye deki ya Nyanda ya kuonyeshea filamu, nayo ikaitema, kwa sababu haikuwa sidii ya filamu za kawaida. Ilikuwa imetengenezwa kwa kompyuta. Nikamwambia, "Si uipeleke Ngara mjini? Kule kuna kompyuta za maana." Akatikisa kichwa.

"Akisema jambo langu, dada, alisikie karani nisiyemjua?"

"Na akiwa hakusema jambo lako?"

"Hapo ndiyo zaidi," akasema.

Sikumtajia tena Ngara. Mtu amengoja miaka yote hiyo kujua kama aliwahi kuwa kitu kwa mtu. Jibu liko ndani ya kisanduku, upande wa pili wa ngoma, na Jumamosi umeme unaondoka.

Tatizo, alivyonieleza, lilikuwa prosesa. Hiyo ndiyo kichwa cha kompyuta, ndiyo inayofikiri. Ya kwake ilikuwa ya bei nafuu, ya polepole, wale watu wakirukaruka ilikuwa haiwahi kuwafuata. Lakini alijua ujanja. Prosesa za aina ile unaweza kuzilazimisha zikimbie kuliko mwendo zilioandikiwa kiwandani. Kwenye ubao wa ndani kuna vibanio vidogo vya plastiki. Ukihamisha kibanio kutoka sehemu hii kwenda ile, mwendo unapanda. Mafundi wenzake ofisini walikuwa wanafanya hivyo. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea maneno mengi namna ile bila kumeza mate.

Akahamisha kibanio mpaka mwendo wa juu, akawasha. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Hakuna mlio, hakuna herufi. Akarudisha kibanio mahali pa zamani, ikawaka kama kawaida, akashusha pumzi. Akajaribu mwendo wa kati. Ikawaka, ikafika kwenye ngoma, Kaneza akashusha ule mguu, nikapiga kigelegele, ikaganda. Karibu nimeze meno.

Basi ni huo mwendo wa juu au hakuna. Akaanza kutafuta kinachogoma. Kwanza akasema labda ni memori, ile sehemu ya kumbukumbu, haiwezi kwenda na mwendo huo. Akatoa nyingine kwenye mashine mbovu ya ofisini, akaibadilisha. Kioo cheusi. Akasema labda prosesa inataka umeme mwingi zaidi kidogo ili iweze kukimbia. Akahamisha kibanio kingine cha kuongeza nguvu. Na hapo, asubuhi moja kukiwa na ubaridi, ikawaka! Herufi zikapita kwenye kioo, akaniita, nikaacha chai inafurika. Kabla sijavuka barabara ikazima. Alipowasha tena, cheusi. Akaizima, akaifunika kitambaa chake vizuri isiingie vumbi, akangoja kidogo, akawasha. Cheusi. Ikawa ndiyo mtindo: asubuhi inampa matumaini, mchana kutwa inamnunia.

"Ni umeme wa Nyanda," akasema Ijumaa, macho mekundu. "Asubuhi wateja hawajawasha vitu, umeme una nguvu. Wakishawasha, unalegea." Akatoka kwa hasira kwenda kwa Nyanda. Idefonsi kwa hasira! Nilisimama mlangoni kwangu nione maajabu.

"Umeme wangu umelegea?" Nyanda alikuwa anafoka hadi barabarani. "Umeme wangu unagandisha soda, unanyoa vichwa vya watu kutwa nzima, halafu ushindwe na kisanduku chako?"

"Zima friji kwa muda tu!"

"Ng'o! Kesho nahama, unataka nihame na samaki waliooza?"

Wakati wanabishana nikaingia bandani kuchukua sahani yangu. Kompyuta imekaa kimya, na juu yake kile kitambaa. Weupe wake wa zamani ulikuwa umegeuka rangi ya tofali. Nikasema, hapana, huu ni uchafu. Mtu anangoja salamu za mwanamke huku zawadi yake imekuwa tambara la jikoni. Nikakivuta, nikaenda nacho kwenye beseni langu nyuma ya mgahawa. Kilikuwa na joto, lakini sikuwaza lolote, mimi na kompyuta wapi na wapi.

Nilipokikunjua ndani ya maji nikashtuka. Siku zote nilidhani ni kitambaa kidogo cha kuwekea chombo cha maua. Kumbe kikubwa, cha meza. Na katikati hamkuwa na maua, mlikuwa na maduara mawili, kila moja upana wa sahani, moja upande huu na jingine upande ule, yametazamana. Meza ya watu wawili. Nilibaki nimeshika ile nguo inachuruzika, povu hadi viwikoni. Hakuna mwanamke wa huku asiyejua msichana anafikiria nini anapomfumia mwanaume sahani mbili. Nikawachukia wote wawili kwa dakika hiyo. Huyu kwa ububu wake, na yule, na mdomo wake wote ule, kwa nini hilo moja alilisema kwa uzi?

Nikakitundika kwenye kamba. Nikasikia sauti ya Idefonsi.

"Nani kagusa? Nani kagusa kitambaa changu?"

"Mimi! Nimekifua, kilikuwa kinanuka! Na ngoja nikwambie, wewe mtu…"

"Nani kakutuma, Speciosa?"

Hakuniita dada. Akanifungia mlango usoni. Nikabaki nje na ukweli wangu mdomoni, nimejaa kama kibuyu. Nikageuka niende zangu, asije akaniona nalia. Ndipo nikasikia ndani: tii!

Mlio mmoja. Kisha kimya. Kisha mlango ukafunguliwa taratibu.

"Dada," akasema, "imewaka."

Ilikuwa imewaka, na ilikuwa bado imewaka, na vibanio vilikuwa kwenye mwendo wa juu vilevile alivyoviacha. Idefonsi aliinama nyuma ya kompyuta, mahali kitambaa kilipokuwa kinaning'inia, akaweka kiganja kwenye vitundu. Upepo ulikuwa unatoka, wa moto. Akatazama juu ya kompyuta pasipo na kitu. Akanitazama mimi na mikono yangu yenye povu.

"Joto," akasema. "Muda wote huu ilikuwa inakufa kwa joto. Asubuhi inawaka kwa sababu imelala na ubaridi. Nikiizima naifunika, joto linabaki ndani, naiwasha ikiwa bado ya moto. Mimi mwenyewe nilikuwa naivisha blanketi." Akakaa kwenye stuli. Alikaa, nasema. "Nimemtukana Nyanda bure."

"Na mimi je?"

"Na wewe, dada. Nisamehe."

"Utaniomba vizuri baadaye. Weka sidii!"

Akafungua ubavu wa kompyuta wote, mimi nikakimbilia kipepeo changu cha jiko la mkaa. Nilisimama pale naipepea ile prosesa kama napepea mahindi ya kuchoma, na yeye hakuniambia niache. Kaneza akatokea. Amahoro, watu wa Lukole. Tukapita kwa Kanyange, tukapita kwa mzee Bizimana, tukapita kwa Niragira na mbuzi wake. Ngoma zikaanza. Watu wakarukaruka, laini, bila kukatika, mguu ukashuka, mwingine ukapanda. Idefonsi alikuwa ameshika ukingo wa meza ya ufundi kwa mikono miwili. Ngoma ikaisha.

Kaneza akarudi kwenye kiti chake, anahema, anajifuta jasho. Akasogea karibu na kamera.

"Idefonsi," akasema. "Najua ni wewe umekaa karibu na mashine, unawaonyesha watu. Kwanza toa kitambaa juu yake. Nilikwambia haipumui, hukunisikia." Akacheka kidogo. "Tena hakikuwa cha mashine. Kikunjue. Nilifuma sehemu ya sahani mbili. Nikangoja uniulize hiyo ya pili ni ya nani. Kila gulio nilikuwa nakaa pale kizingitini nangoja, nikawa naona bado umekikunja."

Mkono wangu uliacha kupepea. Idefonsi akanishika kifundo cha mkono, bila kunitazama, akauelekeza tena. Nikapepea.

"Sikuja kukulaumu. Na mimi ningeweza kusema. Sasa huku nina mume, nina mtoto, ni watu wema. Lakini nakukumbuka unavyokula umesimama mlangoni, na inaniuma. Tafuta mtu wa sahani ya pili, fundi. Usile umesimama. Basi, watu wangu, nawapenda wote, tutaonana Mungu akipenda."

Kioo kikawa cheusi, sasa kwa sababu ilikuwa imeisha.

Nilingoja alie, au anifukuze. Aliuliza tu, "Kiko wapi?"

"Kwenye kamba. Bado kibichi."

Akatoka, akasimama mbele ya kamba, mikono nyuma, akakitazama kitambaa kilichokunjuliwa. Alikitazama mpaka jua likahama. Wateja wangu wawili wa mwisho waliuliza yule fundi anaangalia nini, nikawaambia wanywe chai yao.

Jumamosi Nyanda alipakia jenereta kwenye lori. Idefonsi alikwenda kumwomba radhi, akamsaidia kulisukuma, wakashikana mikono. Lori likaondoka na Benaco ikanyamaza. Sikuwa nimejua ile ngurumo ilikuwa inatufunika kiasi gani. Halafu mchana mzima nikasikia nyundo kwenye banda lake.

Jumapili baada ya misa akaja kwangu, amevaa shati safi. "Shikamoo, dada." "Marahaba." "Leo usiniletee chakula. Njoo nacho tule." Nikapeleka sufuria ya ndizi na maharage, na sahani mbili. Alikuwa ametengeneza meza kwa mbao za makreti ya kompyuta, mguu mmoja mfupi, kauwekea betri la redio lililokufa. Kompyuta ilikuwa sakafuni, uchi. Juu ya meza kitambaa kimenyooshwa, cheupe, yale maduara mawili yametazamana.

Mimi najua mipaka yangu. Nikapakua, nikaweka sahani yake kwenye duara la kwanza na yangu pembeni kabisa, kwenye ukingo, nikavuta stuli huko kando. Idefonsi alikaa. Akalitazama lile duara la pili kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akachukua sahani yangu, akaiweka hapo.

"Sogea, dada," akasema. "Chakula kinapoa."

Tukala tumekaa. Hapakuwa na jenereta, hapakuwa na watu, ndiyo maana nilimsikia analia, nami nikajifanya nakoroga maharage.